Kapata Ngapi?

Juzi nilikuwa ofisi ya elimu, Mchafukoge, siku yalipoletwa majina ya watoto wa darasa la saba waliochaguliwa kwenda sekondari. Mama mmoja akamwuliza karani kuhusu binti yake. Karani akashusha kidole kwenye orodha, taratibu, mpaka chini.

"Hayumo, mama."

"Hilo nimeshaliona, ndugu. Nauliza kapata ngapi."

Karani akageuza karatasi. Nyuma hakukuandikwa kitu. "Sisi tunaletewa majina tu. Alama haziji."

"Kwa hiyo kapungukiwa maksi moja au hamsini, hamjui?"

Karani akajikuna kichwa kwa kalamu. Nikacheka, kisha nikajikumbuka mwenyewe. Mimi zamani nilichaguliwa, mtaa mzima ukanishangilia, na mpaka leo sijui nilipata ngapi.