Pazia Kati Yangu na Baba Mkwe

Mpaka leo nikishuka Kibondo kununua mawese, yule mama anayeuza pale karibu na kituo cha mafuta huniuliza kwa upole kabisa, "Dada, leo ni ya kununua au ya kugonga?" na wenzake wote wanageuza nyuso pembeni ili wacheke kwa nafasi. Basi acheni niwasimulie mwenyewe, maana najua video mmeshaiona, na ubaya wa ile video ni kwamba imeanzia katikati, gari likiwa tayari linarudi nyuma lenyewe, haionyeshi jinsi mtu mwenye akili zake timamu (mimi) alivyofika mahali pale.

Ilianza nilipopata gari. Kuna mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi na mashirika kule kambi ya wakimbizi ya Nduta, mkataba wake ukaisha, akaniuzia kigari chake kabla hajaondoka, na ukishakuwa na gari pale Kasulu, mnajua wenyewe, huwezi tena kwenda sehemu ndogo. Kwenda sokoni kwa gari unaonekana unaringa, kukaa nalo nyumbani unaonekana huna mafuta. Mume wangu Yoeli ni mwalimu wa shule ya msingi na leseni yake ni ya pikipiki tu (na hiyo pikipiki yenyewe, Mungu ndiye anayejua), kwa hiyo dereva ni mimi, mwenye saluni, na nilijiona sana, sitaki kudanganya.

Sasa baba mkwe wangu, Mzee Buchumi wa Kitahana, ana kaka yake anaitwa Lameki. Huyo Lameki alikwenda Tanga kukata mkonge zamani zile vijana wa huku walipokuwa wakienda makundi kwa makundi, akaoa kulekule, akazeekea kulekule, hajarudi. Mwaka huu macho yakaanza kumwacha, akapiga simu akamwambia mdogo wake, "Njoo unione wakati na mimi bado nakuona." Mzee Buchumi alitusimulia hayo tulipokwenda kumsalimia, hakuomba kitu, alisema tu akaendelea kupukuchua mahindi yake. Mimi nikiwa nimepiga magoti pale mlangoni nikamwambia Yoeli amwambie baba kwamba likizo ya shule ikifika tutampeleka kwa gari.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana, lakini mimi nikaona kumpeleka mzee Tanga tu moja kwa moja ni kama kusafirisha gunia, lazima iwe likizo kamili, tupite mijini, tupite mashambani, tumalizie pwani. Nikachukua kalenda ya mwaka jana, nikaigeuza, nikachora njia nyuma yake, nikaibandika saluni ukutani pembeni ya kioo. Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, Kahama, tulale Singida. Dodoma tukalione Bunge hata kwa nje. Morogoro tupunge upepo wa milimani. Tanga tuoge bahari. Kila mteja aliyekaa chini ya draya alipewa safari yote kuanzia mwanzo, akitaka asitake, na kila mmoja akatoa ushauri, wengi wao hata Kigoma mjini hawajafika.

Mshauri mkuu alikuwa Mwajuma, jirani yangu wa duka la kanga na vitenge. Mama yake ni wa Tanga, na Mwajuma hakuachi usahau. Alisimama mbele ya ramani yangu mikono kiunoni akasema, "Nyie Waha bahari mnaijua kwenye kalenda, sasa mnaitafuta nyuma ya kalenda." Saluni nzima ikacheka, na mimi nikacheka kwa meno.

Tatizo likaja kwenye viti. Nyuma atakaa Yoeli na binti yetu Neema, pamoja na maharage, asali na mikungu ya ndizi ya kumpelekea Mzee Lameki. Mzee mzima huwezi kumbana nyuma na ndizi, heshima yake ni mbele. Lakini mbele ni ubavuni kwangu, na mimi ni mkamwana wake. Kwenye nyumba ile mkamwana hakai kiti kimoja na baba mkwe, hampi kitu mkononi, hamwiti, na tangu niolewe sikuwahi kusema naye neno zaidi ya salamu, tena nimeangalia chini. Leo nikamkalishe bega kwa bega, kila nikibadilisha gia kiwiko kinamgusa paja, kuanzia Kitahana mpaka Tanga?

Saluni ikagawanyika. Mmoja akasema mzee akae nyuma na ndizi ziwekwe mbele, mwingine akasema Yoeli aendeshe (hapo walicheka mpaka mmoja akatoka nje). Mwajuma akaenda dukani kwake akarudi na kanga, akanitupia begani. "Weka pazia," akasema. "Yeye upande wake, wewe upande wako, heshima imepatikana."

Mwanzoni nililiona neno la kijinga. Nilipolala nalo nikaamka nimeliona la busara. Yoeli, ambaye huwa haongei sana, akauliza, "Kwani tusimuulize baba mwenyewe?" Nikamwambia, na maneno haya nayakumbuka kwa maumivu, kwamba mzee haulizwi mambo ya heshima, mzee anafanyiwa, ataona mwenyewe jinsi tulivyomjali. Yoeli akasema haya.

Asubuhi ya safari nikafunga kamba kutoka kwenye kioo cha katikati mpaka kwenye kiegemeo cha kiti, nikaitundika ile kanga ikaning'inia vizuri, inapendeza kabisa, rangi ya machungwa. Maneno yake sikuhangaika kuyasoma kwa sababu nilikuwa nahangaika na ndizi. Ni kweli kioo cha pembeni cha kushoto sikukiona tena, wala dirisha la kushoto, wala kwa ujumla upande wowote wa kushoto wa dunia, lakini nikajipa moyo kwamba barabara yetu magari si mengi na mambo mengi hutokea mbele.

Mzee tulimkuta Kitahana amesimama nje, koti limepigwa pasi, viatu vinang'aa, kibegi mkononi. Nikamsalimia nimeangalia chini kama kawaida. Yoeli akamfungulia mlango wa mbele. Akalitazama lile pazia kwa muda, kisha akasema "Sawa," akaingia. Mimi moyoni nikasema ameguswa.

Kuanzia hapo ndani ya gari ikawa kama bungeni, kila neno linapitia kwa spika. Nikisema, "Yoeli, mwambie baba afunge mkanda," Mzee aliye karibu nami kuliko Yoeli anasikia kila kitu, lakini anasubiri mpaka mwanaye amwambie, ndipo anafunga. Neema akauliza kwa nini babu amefungiwa, nikamwambia anyamaze.

Polisi wa barabarani akatusimamisha. Akachungulia dirishani kwangu, akaiona kanga. "Mama, huko ng'ambo kuna mgonjwa au kuna bibi harusi?"

"Kuna baba mkwe, afande."

Akainua ncha ya kanga kwa kidole, akakutana na macho ya Mzee, akaishusha taratibu. "Shikamoo, mzee," akasema kupitia kitambaa, halafu akanigeukia. "Hilo pazia litoe kabla hujaingia mjini." Nikasema ndiyo afande, nikaondoka nalo. Ningelitoaje na mwenye heshima zake amekaa hapo hapo?

Sasa Kibondo mjini. Nilitaka kuingia kituo cha mafuta, na kituo kipo kushoto. Pembeni ya njia ya kuingilia, kwenye kona, yule mama mnayemjua alikuwa amepanga madumu yake ya mawese yakisubiri lori, mstari mzuri, ya njano yote. Mimi nikawasha taa ya kushoto, nikaanza kukata kona nikiwa na imani tu.

"Yoeli," Mzee akaita kwa sauti ya kawaida kabisa.

Yoeli alikuwa anasinzia kwenye ndizi. "Naam, baba."

"Mwambie mwenzako kushoto kuna madumu."

Na Yoeli kwa malezi yake mema akajiweka sawa, akakohoa, akaanza, "Mama Neema, samahani, baba anasema kwamba huko kushoto..."

Madumu yalipasuka kwa mlio ambao bado nausikia. Mawese yakaruka mpaka juu ya kioo, dunia yote ikawa nyekundu, nikachanganyikiwa nikaweka rivasi, na matairi yakiwa yamesimama ndani ya mafuta gari halikuwa tena na habari na mimi. Likateleza nyuma kwa madaha, likiwa limekaa upande, watu wanaruka, likaingia mtaroni kwa makalio likatulia pua ikitazama juu. (Video inaanzia kwenye madaha.)

Kamba ikakatika. Kanga ikamwangukia Mzee ikamfunika gubigubi, na kwa kuwa dirisha lake lilikuwa wazi ikawa imelowa mawese, nyekundu tupu. Watu waliokuja kutuokoa wakamwona mtu amekaa kimya amefunikwa kitambaa chekundu. Mama mmoja akashika kichwa, akamwita mama yake kwa Kiha. "Mawe wee, kuna maiti humu." Wanawake wawili wakaanza kulia, mwanamume mmoja akavua kofia, na mwenye simu akasogea karibu zaidi.

Chini ya kanga sauti ikasema, "Sijafa."

Mzee akajifunua polepole. Mawese yalikuwa yanamchuruzika kwenye nyusi mpaka kwenye koti lililopigwa pasi. Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe akanitazama usoni, na mimi nikashindwa hata kuangalia chini.

"Mkamwana," akasema. "Hili pazia nilikuomba mimi?"

"Hapana, baba."

"Nilidhani ni wewe hutaki kuniona." Akaikunjua ile kanga magotini, akanionyesha maneno. Yaliandikwa: Yangu hayakuhusu, funga mdomo. "Nimekaa nalisoma hili tangu nyumbani. Nikasema sawa, gari ni lake, acha nifunge mdomo. Hayo madumu mimi nimeyaona tangu tukiwa mbali."

Kuna aliyecheka nje. Mimi sikuwa na pa kuingia, ningeweza ningeingia kwenye dumu.

"Nilijua hupendi nikae karibu nawe," nikasema.

"Nani alikwambia?"

Nikafikiria. Nilikuwa nimeambiwa na saluni nzima, na Mwajuma, na mtu aliyesuka rasta siku ile ambaye hata jina lake silijui. 

Akafuta uso kwa kiganja, akatazama barabara iliyokuwa inaelekea Kakonko, njia ya safari yetu. "Lameki nimemwambia nakuja," akasema, si kwangu wala si kwa Yoeli, na hapo ndipo niliposikia aibu ya kweli. Ile ya watu kucheka ni ya ngozi, inanawika.

Yaliyofuata hayana utamu. Fedha ya Singida, ya Dodoma na ya Morogoro ilikwenda yote kwa mama wa mawese, na ilibidi tumbembeleze. Gari lilibaki kwa fundi. Video ilifika Kasulu kabla hatujatolewa mtaroni, na ujumbe wa kwanza nilioupokea ulikuwa wa Mwajuma: "Poleni sana shoga, ila kanga yangu imetoka vizuri." Kumbe alichukua iliyokuwa juu juu tu kwenye rundo, naye hakuisoma, muuza kanga huyo, mtoto wa Tanga.

Mzee hakukubali kurudi Kitahana kubadili koti. Kesho yake alfajiri alipanda basi na Yoeli pamoja na ndizi zilizosalia, mimi na Neema tukabaki tunasugua viti kwa sabuni ya unga. Njia nzima niliyoichora niliisikia kwa simu. Walifika. Mzee Lameki bado anaona kwa jicho moja, alimshika mdogo wake mabega akamvuta kwenye mwanga wa mlango, wakatazamana muda mrefu, na kitu cha kwanza alichouliza ni hilo koti limefanya nini. Alipoambiwa alicheka mpaka wakamletea maji. Yoeli anasema baada ya hapo wazee wote wawili walilia, halafu wakacheka tena, na kisa changu kikaombwa upya.

Siku ya pili baada ya wao kufika simu ikaita, namba ya Yoeli, nikapokea nikijua ni Yoeli.

"Mkamwana," sauti ikasema. Nikapiga magoti pale pale saluni, mkono una mafuta ya nywele.

"Abee, baba."

"Bahari nimeiona."

"Ikoje, baba?"

"Ni maji mengi." Kisha akaongeza: "Mume wako si mtu wa kusafiri naye. Singida niliona mawe makubwa yamepandiana, nikageuka nimwonyeshe mtu, amelala. Wewe ungekuwepo ningekuonyesha."

Iliniuma kuliko video. Niliinuka, nikabandua ile kalenda ukutani mbele ya wateja wangu, nao kwa mara ya kwanza hawakuwa na ushauri. Wakiniuliza siku hizi lini napanga safari nyingine, nawaambia mimi sipangi tena, nilishakoma. Mzee akitaka kwenda mahali nitakwenda Kitahana, nitapiga magoti yangu pale pale mlangoni, nimuulize yeye mwenyewe kwa mdomo wangu anataka akae wapi, na popote atakapopataja, hata kama ni juu ya paa, nitaendesha.