Jaldesa na Neno Pilipili

Jaldesa alichunga ng'ombe maisha yake yote, hadi ukame ulipowamaliza akahamia mjini Garsen kulinda duka la mbao. Yeye ni Mworma, na katika lugha aliyokulia nayo hakuna p. Vijana wa kibanda cha chai walipogundua hilo, wakapata mchezo. Kila asubuhi walimuuliza, "Mzee, tukuwekee nini kwenye maharagwe?"

"Bilibili," alijibu.

"Hebu rudia, mzee."

Aliporudia, walicheka hadi machozi yakawatoka. Mimi hula pale pale, na kicheko chao kilinikera, maana hakuna hata mmoja wao anayejua kumsalimu mtu kwa Kiorma. Siku hizi Jaldesa hasemi kitu. Hunyoosha kidole, hula, huondoka. Inaweza kupita siku nzima asizungumze na mtu.

Juzi nilimwona mnadani, amesimama peke yake mbele ya ng'ombe mwekundu wa watu. Waorma wakikamua humwita kila ng'ombe kwa jina lake, ndipo ashushe maziwa. Jaldesa aliinama akamwita, "Dimtu." Maana yake ni Mwekundu, na ndilo jina la ng'ombe wake wa mwisho kufa, aliwahi kunisimulia, enzi zile alipokuwa bado anasimulia. Sauti yake ilitoka nzito na safi, haikujikwaa popote.

Ng'ombe aliendelea kutafuna, hata sikio hakutikisa.

"Dimtu," Jaldesa akarudia, ingawa hakuna aliyemwambia arudie.