Wiki ya Ukweli

Wiki iliyopita niliitwa kwenye kikao cha wazazi, shule anayosoma mwanangu huku Chanika. Tulikalishwa kwenye madawati ya watoto, magoti yametubana, mwalimu mkuu akatutangazia kwamba shule inaanzisha programu ya malezi na maadili: kila wiki tabia moja njema, na kila Ijumaa mtoto aliyefanya vizuri anavalishwa beji. Wazazi walifurahi, wengine wakasema imechelewa. Mimi nilijifanya natafuta simu kwenye mkoba. Ngoja nikueleze kwa nini, maana hili sijamwambia hata mume wangu.

Nilisoma Temeke, shule ya serikali iliyopakana na barabara ya malori ya Kurasini. Lori likipita mwalimu alinyamaza, akasubiri, kisha akaendelea palepale alipoishia. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwa waya, na ukichelewa ulikuta wenzako wameshafagia uwanja wote kwa fagio za chelewa. Mapumziko tulikimbilia kwa mama muuza mihogo nje ya uwanja. Alikatia mihogo ya kukaanga kwenye gazeti, akamimina chachandu mpaka wino ukaingia kwenye chakula, na sisi tulikula hivyo hivyo na kulamba vidole.

Mihogo ile niliila na rafiki yangu wa dawati moja, msichana mrefu, mpole, aliyeletwa na shangazi yake kutoka Newala tukiwa darasa la tano. Hesabu alikuwa anazifanya kama mtu anayemenya karanga. Siku moja tukiwa tunadeki darasa aliniambia siri yake. Kule kwao aliacha shule ili amuuguze mama yake, na mama alipofariki, jina lake lilikuwa limeshafutwa shuleni. Shangazi akachukua barua ya uhamisho ya binti mwingine wa ukoo, binamu aliyegoma shule akabaki shambani, akamleta nayo mjini. Jina tulilomwita kila siku lilikuwa la binamu.

“Usimwambie mtu,” alisema, huku anakamua tambara. “Hata mama yako.”

Mtaani kwetu halikuwa jambo geni. Watu walisema tu kwamba fulani anasomea jina la mtu, wakaendelea na shughuli zao. Nadhani hata walimu walijua, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema.

Tulipofika darasa la saba, miezi michache kabla ya mtihani wa taifa, akaja mwalimu wa malezi. Alikuwa kijana, ametoka semina, na ndiye mwalimu wa kwanza niliyemwona anaingia darasani bila fimbo. Tulimpenda mno. Wiki ya Usafi tulikata kucha mpaka damu. Wiki ya Heshima mama wa mihogo aliamkiwa shikamoo nyingi hadi akaanza kutufukuza. Kila Ijumaa mwalimu alitoa beji za kitambaa cha kijani alizoshonewa na mkewe. Rafiki yangu alikuwa nazo mbili. Mimi sikuwa nayo hata moja.

Ikaja wiki ya Ukweli. Masharti yalikuwa mepesi: unasimama mbele, unasema ukweli uliokuwa unauficha, hakuna adhabu, wenzako wanakupigia makofi. Ijumaa hiyo wakaja wageni kutoka ofisi ya elimu ya wilaya, wakakaa kwenye viti vya ofisini na madaftari yao. Mmoja wetu alikiri kuiba ubuyu. Mwingine alikiri kutemea mate uji wa kaka yake, tukacheka na wageni wakacheka. Mimi nilijikagua nikakuta sina kitu. Nilikuwa mtoto mwema wa kuchosha, sina dhambi ya maana. Lakini beji niliitaka, wivu nilikuwa nao, na kiherehere nilizaliwa nacho.

Nikasimama. “Mie ukweli wangu ni kwamba rafiki yangu anasomea jina la binamu yake. Na bado anatushinda wote.”

Hayo maneno ya mwisho niliyaongeza nikidhani ni sifa. Darasa zima likapiga makofi, kwa sababu tulishafundishwa kuupigia makofi kila ukweli. Mgeni mmoja akaandika. Mwalimu alitazama kalamu ya mgeni, kisha akanibandika beji kifuani. Rafiki yangu aliangalia dawati.

Jumatatu shangazi yake aliitwa. Mimi nilikuwa zamu ya kufagia, nikafagia sehemu moja tu, chini ya dirisha la ofisi.

“Mwalimu, mtoto huyu mmemfundisha nyie wenyewe miaka yote hii,” shangazi alisema. “Leo hamumjui?”

“Mama, mie namjua,” mwalimu mkuu alijibu. “Ila wageni wameshaandika. Nikimwacha afanye mtihani, kibarua changu kinaota nyasi.” Sauti yake ikageukia upande wa pili. “Haya binti, sema, jina lako hasa ni nani?”

Rafiki yangu alijibu kwa sauti ndogo. Kisha akaja darasani, mimi nimesharudi kwenye dawati letu, akachukua mkoba. Nilitegemea atanitukana, na ningeshukuru. Alinirudishia bikari niliyomwazima, akatupia jicho daftari langu.

“Hesabu ya tatu umekosea,” alisema, akatoka.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya Upendo. Haikufundishwa. Mwalimu wa malezi aliomba uhamisho, na beji zilizobaki zikafutiwa ubao. Mtihani niliufanya nikafaulu, kwenye chumba ambacho dawati lake liliachwa wazi kwa sababu namba yake ilikuwa imeshabandikwa. Nikasikia yuko Kinondoni, anafanya kazi za ndani, shangazi yake naye akahama, na baadaye sikusikia tena.

Leo shule ile imezungushiwa ukuta mrefu, mama wa mihogo alishafariki, na barabara imepanuliwa mpaka ilipokuwa bustani yetu. Hayo nayazoea. Lisilozoeleka ni kwamba nimemtafuta yule mwenzangu. Nimeuliza Kinondoni nyumba kwa nyumba, nimewauliza watu wa Newala wanaochonga vinyago, nimemtafuta hata mitandaoni. Kila mmoja ananiuliza swali moja la haki kabisa: anaitwa nani? Nami nina jina la binamu yake, mwanamke wa shambani ambaye naye sikumpata. La kwake mwenyewe alilitaja mara moja tu, mle ofisini, nikiwa nimeshika fagio chini ya dirisha. Sikulisikia, kwa sababu nilichokuwa nimetegea sikio ni kama atanitaja mimi.