Sabuni Kabla ya Samaki

Mama mkwe alisema ni meno. Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja, anahara tangu jana, na mimi sikuweza kutulia: nakaa, nasimama, nachungulia nepi. Mchana nikaona damu. Meno gani hayo? Nikamfunga mgongoni, nikaita bodaboda.

Kituoni daktari aliuliza nani humlisha mtoto. Bibi yake, nikasema, kwa mkono, samaki aliyetolewa miiba.

"Ananawa na sabuni kabla?"

Hapa Kisegi sabuni huja baada ya kula, kutoa harufu ya samaki. Kabla ni maji tu. Nilipomweleza, akatikisa kichwa. Kuhara damu hivi mara nyingi ni bakteria, akasema, na wanapita kwenye vidole. Akanipa dawa ya bakteria hao, zinki na pakiti za ORS. Mtoto akilegea au akikataa kunywa, nimrudishe mbio.

Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Mimi ni Mkuria wa Migori, mama mkwe ni Mjaluo. Tunaelewana kwa Kiswahili, nacho changu cha ukweni kina "ndiyo, Mama" na "asante, Mama" basi. Utamwambiaje mama mkwe mkono wake unamwumiza mjukuu? Lakini nikinyamaza, mtoto atapona kisha augue tena.

"Mama," nikaropoka hata kabla ya kukaa, "daktari amesema sabuni ianze."

"Mkono yangu ni chafu?"

"Hata wangu, Mama."

"Hii mkono ndio ililea bwana yako." Akatoka nje. Niliogopa, na nilikasirika kwamba naogopa.

Damu ilikoma, hamu ya kula ikarudi. Mama mkwe akaleta samaki, akaitisha sabuni, akanawa kwa hasira mpaka viwikoni. Akachambua miiba, akampelekea mtoto tonge. Mtoto akanusa vidole, akageuza uso.

Mkono ukabaki hewani. "Dana yako, bibi yako, hata humjui?" akamwuliza, sauti ikakatika. Nusura nimwambie aache sabuni, yaishe.

Akachovya vidole kwenye mchuzi, akajaribu tena. Mtoto akanusa, akafungua mdomo.

"Nyar Migori," binti wa Migori, mama mkwe akaniambia bila kunitazama, "kesho leta sabuni haina harufu."