Karani Aliyefuta Ng'ombe wa Mwika

Jackson Lyimo, karani wa chama cha wafugaji huko Mwika, aliibeba kompyuta ya chama kama mchungaji abebavyo kikombe cha Meza ya Bwana. Kompyuta yenyewe ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, lakini alivyoifungua, kwa vidole viwili na kidevu juu, ungedhani ng'ombe wote wa mlimani walizaliwa humo ndani.

Kazi yake ilikuwa na maana, hilo tusimnyang'anye. Huku ng'ombe hulishwa bandani, mmoja au wawili kila nyumba, na dume hakuna. Calvin, mtaalamu wa kupandisha, huja na mtungi wake wa baridi uliojaa mbegu, na mbegu za dume mmoja zaweza kuzunguka vijiji vitatu. Basi lazima pawepo mtu anayejua baba wa kila mtamba, ili asije akapandishwa kwa mbegu ya baba yake mwenyewe. Mtu huyo alikuwa Jackson. Miaka kumi na mmoja, ng'ombe mia mbili na kumi na wanne, kila mmoja na jina lake, tarehe zake, baba yake, na picha za ubavu huu na ubavu ule.

Dimple, ambaye familia yake inauza vyakula na dawa za mifugo Moshi mjini, ndiye aliyemwunganishia kompyuta na hifadhi ya mtandaoni. Alichoandika Jackson huko Mwika kilionekana hapo hapo kwenye kompyuta ya dukani kwa Dimple.

"Lakini hii si stoo, bwana Jackson," Dimple alimwambia. "Hizi mbili zinafuatana. Ukifuta huko kwako, na huku kwangu kunafutika. Weka nakala nyingine pembeni, kwenye diski."

"Dada, mimi sikuanza kompyuta jana."

Kweli hakuanza jana. Alianza juzi, na tangu juzi hajauliza mtu swali.

Desemba ikafika. Watoto wa mlimani wakapanda kutoka Dar na Arusha, magari yakajaa njia, mbuzi wakaanza kuogopa. Kila mwaka Jackson hupiga video za sherehe za ukoo: ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, akiingizwa, ndafu akikatwa, shangazi akilia kwa furaha, shangazi yule yule akilia kwa pombe. Zote huziweka kwenye kompyuta ya chama. Mwaka huo kompyuta ikamwambia imejaa.

Akaangalia nini kinakula nafasi. Ni ng'ombe. Akawaza: kama wako huko mtandaoni, huku wanatafuta nini?

"Umemuuliza Dimple?" mkewe Esther akasema.

"Nimuulize ili iweje? Wale wako juu, hawaguswi."

Kompyuta nayo ikamuuliza kama ana uhakika. Jackson ni mtu mwenye uhakika siku zote. Ilikuwa tarehe kumi na tano. Akafuta, na shangazi akapata nafasi ya kulia vizuri.

Baada ya hapo nani afungue faili? Kulikuwa na Krismasi, mwaka mpya, harusi mbili na kipaimara. Mpaka tarehe ishirini na mbili Januari, alfajiri, mtamba wa Magdalena akaanza kulia kwa joto la kutaka dume.

Magdalena ni mjane. Ng'ombe wake mkubwa alikufa, akabaki na huyo mtamba tu, aliyekwisha kupandishwa mara mbili bila kushika. Joto halimngojei mtu. Likipita siku hiyo, ni wiki tatu tena. Calvin akaja mbio na mbegu za madume wawili.

"Nitajie baba yake tu, Mangi," akamwambia Jackson. "Ukoo mzima sikuombi."

Jackson akafungua ile hifadhi ya mtandaoni. Hapana kitu. Akasema mtandao uko chini. Magdalena akamtazama kama anavyotazama majani yaliyooza.

"Mtandao ndio umekula mtamba wangu?"

Jackson akampigia Dimple. Huko dukani pia hapana kitu.

"Vilivyofutwa hukaa kwenye pipa siku thelathini," Dimple akasema. "Ulifuta lini?"

"Tarehe kumi na tano."

"Ya mwezi huu?"

"Uliopita."

Dimple akahesabu siku. "Basi vimekwenda, bwana Jackson."

Calvin akatazama saa. Magdalena akafunga kanga kiunoni.

"Mama wa mtamba huyu alipandishwa wiki ya msiba wa mzee Filemon," akasema. "Ulikuja na pikipiki ya kuazima, Calvin, ukaniambia mtungini mna dume mmoja tu, yule mweusi."

"Ni kweli," Calvin akasema. "Zile za mwingine zilikuwa hazijafika." Akachukua mbegu ya yule mwingine, akaingia bandani. Karani wa chama akashika mkia, maana ndiyo kazi iliyokuwa imebaki.

Mkutano wa chama haukumfukuza. Ulimpa adhabu mbaya zaidi: apite nyumba kwa nyumba kwa miguu, aandike upya. Kina mama hawakumsamehe hata herufi moja. "Karibu, baba wa mtandao. Nisaidie kukata mgomba huku nikikumbuka." Alikata migomba mpaka Pasaka.

Aprili Calvin akampima mtamba wa Magdalena, akasema ameshika, miezi mitatu. Jackson alikuwepo na daftari. Akaandika.

"Nisomee," Magdalena akasema.

Akasoma: jina, tarehe, dume.

"Sasa andika hivyo hivyo kwenye karatasi nyingine."

"Ya nini tena, mama? Nitaingiza kwenye kompyuta, na diski nimenunua."

"Andika, mwanangu."

Akaandika. Magdalena akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia ndani ya Biblia, akafunga Biblia sandukuni, ufunguo akautumbukiza kifuani. Ndipo akamkaribisha chai.