Amri Iliyonishusha Milepa

Kila asubuhi, kabla hata sijanywa chai, nilikuwa nakaa ofisini Sumbawanga na kuandika amri zilezile sita kwenye kompyuta nisiyoiona. Yenyewe ilikuwa kwenye zahanati ya Milepa, huko bondeni, ikitunza kumbukumbu za wagonjwa, na bila amri hizo haikuamka vizuri. Nikikosea herufi moja, naanza upya. Mtandao ukikatika katikati, naanza upya. Nikachoka.

Nikaandika skripti, yaani faili moja lenye amri zote, ili izitume yenyewe kila saa moja asubuhi. Siku ya kwanza ikagoma: kompyuta ya Milepa iliuliza "ndiyo au hapana?", skripti haikujua kujibu, ikabaki imeduwaa. Nikaifundisha kujibu. Siku ya pili ikajibu kabla haijaulizwa. Siku ya tatu nikaifuta, nikaiandika tena kwa hasira, na pale nilipotaka kuiambia kompyuta "zima kisha washa", nikaandika "zima" tu.

Siku hiyo ikatii bila swali.

Simu ikaita. Alikuwa muuguzi mkuu wa zahanati, mama mtu mzima asiyepandisha sauti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mashine imekufa, na wagonjwa wamejaa mpaka nje."

"Haijafa mama, skripti yangu imeizima. Bonyeza kitufe cha kuwashia."

"Kiko ndani ya kabati."

"Basi fungua kabati."

"Mwanangu, kabati ulifunga wewe. Ukasema tusiguse. Ufunguo uliondoka nao."

Nikavuta droo. Ulikuwa humo, juu ya karatasi zangu. Tusi nililojitukana siwezi kuliandika hapa.

Nikateremka mlima kwa bodaboda, meno yamejaa vumbi, nikimlaumu dereva kwa makorongo ambayo hakuyachimba. Nilimkuta mama anaandika wagonjwa kwenye daftari, mmoja mmoja, foleni imezunguka ukuta. Kubonyeza kile kitufe kulichukua muda mfupi kuliko kuvua kofia ya pikipiki. Mama akanyoosha mkono, nikamkabidhi ufunguo.

"Tayari mama, mimi narudi."

"Unarudi wapi? Kaa hapo. Hiyo skripti yako iendeshe mbele yangu mara tatu."

Nikafungua kompyuta yangu ya mkononi, nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Mara ya kwanza ikagoma.

"Moja hiyo haihesabiki," akasema, akarudi kwenye daftari lake.