Chupa Niliyoitikisa

Nilikuwa nimechoka kubeba sahani, jamani. Mkahawa wetu uko kwenye hoteli moja pale Marina, huku Uarabuni, unauza vyakula vya Kihispania, na anayehudumia mvinyo ndiye anayeonekana mtu. Wengine sote ni miguu tu. Kwa hiyo mhudumu wa mvinyo alipoacha kazi, nilimwendea madam, Mhispania mwenye mkahawa, nikamwambia nafasi hiyo naitaka. Akanitazama toka juu mpaka chini.

"Jumapili kabla hatujafungua, utanihudumia chupa moja. Ukiweza, kazi ni yako. Ukishindwa, rudi kwenye sahani, na nisisikie tena habari hizo."

Siku zote za kungoja Jumapili, chumbani tunamolala kule Karama, niliwasumbua wenzangu kwa maneno ya lebo. Crianza ni mvinyo uliolelewa kidogo kwenye pipa. Reserva umelelewa zaidi. Gran reserva ndio mzee wa ukoo: miaka kwenye pipa la mwaloni, miaka tena kwenye chupa, umelala gizani bila kuguswa.

"Wewe nawe!" akasema dada mmoja Mganda. "Kitu kikikaa hivyo si kimeoza?"

Jumapili madam akaniwekea gran reserva mezani. Nikaisoma lebo bila kukwama. Kisha nikaiinua kwenye mwanga, nikaona machicha yamelala chini ya chupa. Weh! Mimi ni mtoto wa Kericho. Kwetu tuna mursik, maziwa yanayogandishwa kwenye kibuyu, na huyamimini kabla hujatikisa ya chini yakapanda juu. Ukimpa mgeni majimaji ya juu, umemtukana. Mkono haukuniuliza. Nikaitikisa ile chupa kwa nguvu zote, kama mama anavyotikisa kibuyu.

Madam alipiga yowe mpaka mpishi akatoka jikoni na kisu mkononi.

"Unafanya nini?"

"Nachanganya, madam."

Akaketi, akashika kichwa. Khalas, kwisha, nikajua sahani zangu zinaningoja. Nilitaka kulia, lakini hasira ikawahi. Nikamweleza jinsi mama anavyosugua kibuyu ndani kwa kijinga cha moto mpaka kiwe cheusi, akatia maziwa, akaziba, akakiweka pembeni gizani mpaka yakomae.

"Ni yale yale tu," nikamwambia, "ila nyinyi hamtikisi!"

Akaondoa mikono kichwani. "Mnachoma ndani?"

"Ndani, madam. Bila moto hayana ladha."

"Na sisi mapipa yetu tunayachoma ndani," akasema polepole. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akapangusa macho kwa kitambaa cha meza. Akaisimamisha chupa rafuni, akaniambia nisiipumulie hata pumzi mpaka kesho, machicha yashuke tena chini.

Kesho yake akanipa kizibuo chake. Nikaifungua, nikamimina taratibu huku nimebana pumzi, nikakoma machicha yalipofika shingoni mwa chupa. Madam akaonja, akanisogezea glasi ninuse. Ngozi, matunda makavu, na kwa mbali moshi. Haki, nilikuwa jikoni kwa mama. Nikacheka peke yangu kama mwehu, kwa furaha tu.

Nikamrudishia kizibuo. Akakitazama, akaurudisha mkono wangu kifuani kwangu pamoja nacho.

"Yalla, kuna wageni meza ya dirishani," akasema. "Na hiyo mikono itulie!"